Kamshafti ya Denzil

Akina mama wenye vijana wanaopenda magari, someni haya hata kama hamjui pistoni ni nini. Mimi niliishia shule ya msingi, na gari sijaendesha maishani mwangu. Lakini kamshafti naijua. Ni chuma kirefu ndani ya injini, kina vinundu kama vifundo vya vidole, kazi yake kufungua na kufunga njia za hewa na moshi. Vinundu vikiwa vikubwa, injini inapata nguvu zaidi ikiwa mbioni, ila gari likisimama inakohoa. Kikohozi hicho ndicho vijana wa huku kwetu Kentucky wanachokililia.

Mume wangu Burl alipofariki alituachia nyumba juu ya kilima na gari lake la kijani, la silinda nane. Tukabaki wawili, mimi na Denzil. Jioni nilikuwa jikoni, maharage motoni, nasikiliza barabara. Injini ile ilikuwa na sauti laini. Nikiisikia inapanda, natoa mkate wa mahindi kwenye oveni. Sikutaka kingine duniani, ila Denzil arudi nyumbani.

Jumamosi vijana hukutana mjini, kwenye uwanja wa duka la baga. Wanafungua boneti, injini zinanguruma, wao wamesimama kimya wanazisikiliza kama watu walio kanisani. Denzil naye akafungua la kwake. Rafiki yake Rusty akainama, akaweka mkono sikioni, akauliza, "Imewaka hii, au bibi yako amelala humo ndani?" Walicheka mpaka wakamwaga soda. Denzil alinisimulia huku naye anacheka, lakini chakula hakukimaliza.

Akaamua kubadilisha kamshafti. Sehemu nyingine zote za injini zingebaki kama zilivyotoka kiwandani. Clovis, jirani yetu aliyefanya kazi mgodini na Burl, akamwambia basi achukue ndogo, iliyozidi kidogo tu ile ya zamani. Denzil akajibu kwamba ndogo haisikiki.

Wauzaji wa vyuma hivi wana namba ya simu. Unapiga, mtu anakuuliza gari lako lina nini na nini, ndipo anakuchagulia. Sasa vijana wetu wanaona haya kusema gari ni la kawaida. Wanamdanganya mtu anayetaka kuwasaidia. Denzil alipiga akiwa jikoni kwangu. Nikamsikia akisema giaboksi ni ya mkono, ilhali ni ya otomatiki. Akasema pistoni zimebadilishwa, ilhali hakuna aliyezigusa. Mwisho akaulizwa breki, akasema ni za nguvu ya mguu tu, hazina msaada.

Hapo nilimvuta shati. Burl aliumia mguu mgodini, na mwenyewe alinionyesha lile kopo jeusi karibu na pedali, linaloazima nguvu kwenye injini ili mguu usihangaike.

"Breki zina kopo la baba yako," nikamwambia.

Akaziba simu kwa kiganja. "Mama, tafadhali. Wewe hata kuwasha gari hujui."

Nikarudi kwenye maharage yangu.

Kamshafti ikaja, kubwa kama aliyoililia. Wakaifunga yeye na Rusty. Injini ilipowaka, sahani zilitetemeka kabatini. Denzil alisimama uani anatabasamu, akaniuliza kama nasikia. Nikasema nasikia. Ilikohoa vilevile kama Burl siku zake za mwisho, vumbi la makaa likiwa limemjaa kifuani. Hilo sikumwambia. Alikanyaga breki, akasema pedali imekuwa ngumu kidogo, ataizoea. Injini inayokohoa haina nguvu nyingi ya kulikopesha kopo.

Asubuhi ya Jumapili aliteremka kilima polepole, mguu kwenye breki. Nilikuwa barazani. Nikasikia kikohozi, kikohozi tena, kisha kimya. Injini ilizimika mteremkoni, lakini gari halikusimama. Kopo halikuwa na pa kuazima nguvu tena. Alisema baadaye ilikuwa kama kukanyaga mwamba, na usukani nao ukawa mzito. Chini pale kuna reli, na treni ya makaa ilikuwa inapita. Akalitupa gari korongoni. Akavunjika nyonga.

Yu hai, namshukuru Mungu. Lakini usukani hashiki tena. Nyonga ilipopona, binamu yake alimchukua Ohio, akapata kazi mahali anapokwenda kwa basi. Huku kwetu basi halifiki.

Clovis alilivuta gari mpaka bandani, nyuma ya jiko, akairudisha kamshafti ya zamani. Sikumwomba. Alisema halitakwenda popote, ila angalau lipumue vizuri. Akanifundisha kuwasha.

Denzil hupiga simu Jumapili baada ya ibada. Naweka mkono wa simu dirishani, naenda bandani, nawasha. Nikiwa kule simsikii, sijui kama analia au amekaa tu. Nikirudi, husema, "Ni ya Baba hiyo."

"Ndiyo hiyo. Unakuja lini?"

"Tutaona, Mama."

Kisha tunaongea habari za mvua. Siku hizi mkate wa mahindi naoka nusu, na bado unabaki.

Basi, mama mwenzangu, mwanao akishika simu kuagiza kamshafti, kaa karibu naye. Akidanganya, mnyang'anye simu useme wewe mwenyewe kwamba gari ni la kawaida, lilikuwa la baba yake, na breki zina kopo. Atakuona huna akili. Mwache anune. Atanuna akiwa mezani kwako.