Shati Ndani ya Oveni

Mwulize mwanamke yeyote mwenye jiko la gesi lenye oveni ya umeme chini, oveni yake inafanya kazi gani. Akiwa mkweli atakwambia ni kabati. Humo mna sufuria, mabakuli ya plastiki, mkate unaofichwa panya wasiule, na pengine viatu vya harusi. Yangu ilikaa na sufuria miaka yote ya ndoa. Siku tuliporudi kutoka kumzika mume wangu nilizitoa zote, nikaweka shati lake la kazini.

Alikuwa fundi baiskeli, watu wakimwita Spoki kwa wembamba wake. Shati lile sikulifua. Lilikuwa na grisi, sabuni ya mche, jasho, na karafuu alizokuwa akitafuna kwa ajili ya jino aliloogopa kung'olewa. Mlango wa oveni una mpira, ukifunga umefunga. Nilipozidiwa niliufungua kidogo, nikaingiza pua, nikafunga haraka, maana kila nikifungua alipungua. Nilimnusa kwa ubahili, kama mtu aliyebakiwa na chumvi ya mwisho.

Watu wangesema nimerukwa na akili, kwa hiyo sikumwambia yeyote, hata mwanangu.

Kisha mwanangu akaoa. Kazi ikampeleka mbali, akaniletea mkewe tukae wote. Binti wa watu alikuja nyumbani baba mkwe ameshazikwa, hakuwahi kumwona. Alikuwa mwokaji hotelini, na sasa alitaka kuoka keki za kuuza. Siku ya kwanza tu macho yake yakatua kwenye oveni.

"Mama, hii inafanya kazi?"

"Mbovu," nikasema, wala sikuinua uso kutoka kwenye cherehani.

Njia ya mwongo ni fupi, lakini yangu ilifika mbali kidogo. Muda wote huo yule binti alioka uani kwa mkaa: sufuria kubwa yenye mchanga, ndogo ndani yake, mfuniko, na makaa mengine juu ya mfuniko. Moshi ulimtoa machozi. Keki zilitoka zimeungua upande mmoja, akazikwangua kwa kisu bila kunung'unika. Nami niko ndani, nashona, naona haya. Angekuwa mjeuri ningelala usingizi, lakini kila akioka, kipande cha kwanza ni changu. Sasa mtu kama huyo unamfanya nini? Zaidi ya mara moja nilifika mlangoni nimwambie ukweli, nikarudi kukaa. Kumwachia oveni ilikuwa ni kumzika mume wangu mara ya pili, na ile ya kwanza bado ilikuwa imenikaa kooni.

Ijumaa moja nilikwenda kupeleka sare za shule kwa mteja. Huku nyuma mvua ikanyesha, ikazima makaa ya binti uani, naye alikuwa na keki ya harusi ya watu. Akachomeka waya wa oveni, akazungusha swichi, basi tu, kwa kukata tamaa. Ikawaka. Hotelini walimfundisha hivyo: unawasha oveni kwanza, ndipo unapima unga, na oveni ya hoteli haina kitu ndani ila joto. Hakufungua kutazama. Kwetu sisi wa makabati, kosa hilo haliwezekani.

Nilifungua mlango wa nyumba, nimelowa chapachapa, na mume wangu alikuwa ndani.

Sisemi kwa mafumbo. Grisi, sabuni, jasho, karafuu. Alikuwa amejaa nyumba nzima, vilevile alivyokuwa akirudi kazini kabla hajaoga. Mdomo wangu ukasema, "Leo umechelewa," kabla akili haijafika. Kisha nikaona taa nyekundu ya oveni.

Binti alikuwa mezani, unga mikononi. "Mama, mbona si mbovu?" Akanusa. "Kuna kitu humu?" Akanyoosha mkono kuelekea swichi.

"Acha. Usizime."

"Kitaungua, mama."

"Najua kitaungua."

Ningeweza kuliokoa lile shati. Lakini kilichokuwa shatini kilikuwa kimeshatoka, na kuzima kungenirudishia kitambaa tu. Siku zote nilikuwa nikimpata kwa kudokoa. Sasa alikuwepo mzima, na asingerudi tena. Nikavuta kiti, nikakaa, nikavuta pumzi hadi kifua kikauma, nikalia bila kujificha.

Binti akapiga magoti karibu yangu. "Ni nini, mama?"

"Ni baba mkwe wako," nikasema. "Hamkuwahi kuonana."

Alinitazama, akaitazama oveni. Nilidhani atacheka, au atakimbilia simu amwambie mumewe kwamba mama yake ameharibikiwa. Alijifuta unga mikononi, akavuta pumzi ndefu kama nilivyovuta mimi.

"Shikamoo, baba," akasema.

Harufu ya nguo kuungua ilikuwa inaanza kumfunika. Nikainuka, nikazima kwa mkono wangu, nikamfungulia mume wangu dirisha.