Somo la Nne

Mwalimu Erasmus wa taaluma hakuwa mtu wa kuzunguka mbuyu. Alimwita Jovitha ofisini Ijumaa baada ya chai, akamwambia kwamba majina ya watahiniwa wa kidato cha sita yanapelekwa wiki ijayo, na kwamba ni yeye peke yake ambaye bado haijulikani atafanya mtihani wa masomo mangapi. Wenzake wote wa PCB walikuwa na Fizikia, Kemia na Baiolojia, pamoja na yale ya lazima ambayo hakuna anayeyachagua. Jovitha alikuwa na hayo, na juu yake alikuwa amejitwika hisabati ya juu, ile ya wenzao wa PCM, ambayo wanafunzi waliiita advansi na kuitamka kwa sauti ya chini kama jina la mkwe.

"Mwaka mzima nimekuacha," alisema mwalimu. "Nilidhani utachoka mwenyewe. Hukuchoka, ila Kemia yako imechoka. Umeona alama?"

"Nimeona, mwalimu."

"Unataka udaktari?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Sasa hiyo advansi ya nini? Utamtafutia mgonjwa logi ya homa yake? Nakupa ruhusa ya Jumamosi na Jumapili. Nenda Nyakisasa ukaongee na wazazi, Jumatatu uniambie, matatu au manne."

Jovitha aliitikia akatoka. Yako mambo ambayo ukiyasema ofisini mbele ya mwalimu yanageuka upuuzi, na lake lilikuwa mojawapo. Angeanzaje kusema kwamba somo la nne halikuwa lake, kwamba lilikuwa la dada yake?

Maana ukweli ni huo, na tuuseme mapema: Jovitha hakuipenda hisabati. Aliyeipenda ni Verediana, dada yake, aliyemtangulia darasa moja katika shule ya kata. Jioni, wakikaa jiko la nyuma kuchambua maharage, Verediana alikuwa akichukua kipande cha mkaa na kuandika maswali ukutani, kuanzia karibu na mafiga hadi mlangoni. Swali likimshinda alilitukana kwa Kihangaza. Likimkubali alipiga vigelegele peke yake, mpaka mama yao, Eustakia, anauliza kutoka nje kama kuna mtu kajifungua. "Nikifika kidato cha tano nachukua advansi," alikuwa akisema, "na kila likizo nitakuja kukufundisha, upende usipende." Jovitha alikuwa hapendi, lakini alipenda kufundishwa. Alipenda bega la dada yake likigusa lake, na harufu ya moshi kwenye kanga yao moja, na ile hali ya mtu mwenye akili kukuona na wewe unazo.

Kisha akaja Ngassa. Alikuwa utingo kwenye lori lililofika Nyakisasa kununua maharage, kijana wa Kisukuma ambaye wazazi wake wamehamia Runazi na mifugo yao. Lori lilikaa siku chache likingoja mzigo ujae. Lilipoondoka, Verediana, aliyekuwa amebakiza miezi michache afanye mtihani wa kidato cha nne, aliondoka nalo.

Katika ukoo wao binti akiondoka hivyo, jambo linajulikana linavyorekebishwa. Watu wa kijana huja na mtungi wa pombe ya ndizi, huketi uani kabla ya kukaribishwa ndani, huomba radhi, na hapo ndipo mahari huanza kuzungumzwa. Mpaka mtungi ufike, binti hakanyagi kizingiti. Eustakia alituma neno moja tu kwa mtu aliyekuwa akienda huko: asirudi bila mtungi. Akafagia uwanja, akangoja. Mwezi ukapita, msimu wa mvua ukapita, hakuna aliyekuja. Siku moja akachimba udongo, akaukanyaga na maji, akaukandika ukuta wote wa jikoni upya. Jovitha aliporudi kutoka shule hakukuta hata namba moja.

Ndipo alipoanza kuisoma hisabati kwa bidii ya mtu aliyepoteza kitu. Alijilazimisha. Alipochaguliwa PCB aliomba aongezewe ya nne, na usiku wa mitihani, wenzake wakisoma Kemia, yeye alikuwa akipambana na maswali ambayo Verediana angeyamaliza huku anasonga ugali. Aliona kwamba siku atakayoliacha somo hilo, ndiyo siku dada yake atakuwa ameondoka kweli.

Na kumbe Verediana hakuwa mbali! Alikuwa Lusahunga, pale malori ya Rusumo yanaposimama, akiuza chai na chapati. Jovitha alipita hapo kila anapokwenda na kurudi shule. Lakini mama alikuwa amempa amri: "Ukipita Lusahunga usishuke. Atakayetaka kuja kwangu anajua njia." Basi alikuwa hashuki. Aliuegemeza uso kwenye kioo, akawatazama wanawake wote waliokuwa wanainama kwenye majiko, na gari likiondoka shingo ilikuwa inamuuma.

Jumamosi hiyo pia alitazama, na hakumwona.

Nyumbani walimpokea vizuri. Jioni, baada ya ugali wa muhogo na maharage, alilitoa lile jambo. Baba yake, Theonest, mtu ambaye maneno yake yangetosha kwenye kiganja, alisema tu, "Mwalimu anasemaje?"

"Anasema manne ni mengi."

"Basi ameshasema," alidakia Eustakia. "Mshika mbili moja humponyoka, sembuse wewe unayeshika nne. Mwana wanje, mwanangu, hilo somo linakupeleka wapi? Wewe ni daktari. Mimi ninaye mmoja, na huyo mmoja namtaka hospitalini, amevaa koti jeupe."

Theonest aliweka kikombe chini. Mtu asiyewajua angedhani ni maneno ya kawaida, lakini katika nyumba hiyo watoto hawahesabiwi. Bibi yao alikuwa mkali sana juu ya hilo: ng'ombe na watoto usiwahesabu, ukiulizwa unao wangapi unataja majina au unacheka. Eustakia mwenyewe alikuwa akicheka siku zote. Sasa amehesabu, na amepata mmoja.

"Nimechoka na safari, mama," alisema Jovitha, akaenda kulala. Hakulala. Aliutamani ule ukuta wa mkaa, na kwa mara ya kwanza alimchukia mama yake kidogo, kisha akajichukia mwenyewe kwa kumchukia.

Jumapili baada ya misa alipanda gari la kurudi. Lilipofika Lusahunga wauzaji walikimbilia madirishani na mahindi ya kuchoma. Jovitha alichukua begi lake akashuka.

"We mwanafunzi, Biharamulo bado!" konda alimwita.

"Najua. Nitapanda jingine."

Haikuwa kazi kumpata. Alikuwa nyuma ya malori yaliyoegeshwa, chini ya turubai la bluu, ameinamia kikaango, na kando yake mtoto wa kike ameketi juu ya gunia anatafuna kipande cha chapati. Verediana aliona sketi ya shule kabla ya kuona uso.

"Karibu mwanafunzi, chai au uji?"

Jovitha alikuwa ameisikia sauti ile kichwani kwa miaka mitatu, na sasa inamuuliza chai au uji kama mteja yeyote.

"Dada Vere."

Verediana aliinua kichwa. Chapati iliungua, mwenye lori mmoja akalalamika, na hakuna aliyemsikiliza. Walikumbatiana pale pale, mkono mmoja wa Verediana bado umeshika mwiko. Kila mmoja alisema kinachomtoa machozi ni moshi, moshi wa kuni mbichi, na hakuna kuni mbichi pale, ulikuwa mkaa.

"Mama hajambo?" Verediana aliuliza walipoketi.

"Hajambo. Anakungoja."

"Ananingoja nini na ameniambia nisirudi?"

"Alisema usirudi bila mtungi. Anawangoja watu wa Ngassa. Mpaka leo kila Jumamosi anafagia uwanja mpaka njia panda."

Verediana alicheka, kicheko kibaya kisicho na furaha ndani yake.

"Jovi, mimi nilifikishiwa 'asirudi', basi. Na huko Runazi baba mkwe ametenga ng'ombe, wako zizini, anamngoja baba. Kwao msichana akitoroka, watu wa msichana ndio wanaomfuata. Wanakuja wamekasirika, wanadai faini, wanapewa, ndipo mahari inatajwa. Baba mkwe kila nikienda ananiambia, binti yangu, wazazi wako walikutupa, hata kukufuata hawakukufuata."

Hebu tazama mambo ya watu wazima! Miaka mitatu watu wa Nyakisasa wameketi na heshima zao wanaitazama barabara, na watu wa Runazi wameketi na heshima zao wanaitazama barabara hiyo hiyo, kila upande ukiuona mwingine hauna adabu. Na katikati ya barabara hiyo kuna binti anakaanga chapati, akiamini hatakiwi huku wala huku. Mambo ya posa ni ya wazee, vijana huyasikia nusunusu, na Ngassa mwenyewe alikuwa Rusumo na lori zaidi ya alivyokuwa nyumbani.

Jovitha aliomba simu. Baba yake alipopokea alimweleza yote bila kupumua. Theonest alisikiliza mpaka mwisho.

"Kumbe," alisema. Halafu ikaja sauti nyingine, iliyokuwa imekaribia simu kupita kiasi.

"Huyo mtoto," alisema Eustakia, "anatembea?"

Jovitha alimpa dada yake simu. Verediana aliishika kwa mikono miwili.

"Shikamoo mama. Anatembea, mama. Anakimbia. Anaitwa Limi."

Jovitha hakusikia yaliyofuata. Alimbeba yule mtoto akaenda naye kutazama malori, na mtoto akamvuta tai ya shule kana kwamba wamejuana siku zote.

Aliporudi, Verediana alikuwa amefuta macho na ameanza kukanda unga. "Baba atakwenda Runazi," alisema kwa sauti ndogo. "Amesema atakwenda amekasirika, kama wanavyotaka." Wakacheka, maana Theonest akikasirika hata kuku hawakimbii. "Haya, niambie shule. PCB, nimesikia. Unaiweza?"

Jovitha alimweleza. Alimweleza Kemia inavyomponyoka, na Mwalimu Erasmus, na kesho Jumatatu. Halafu akamweleza lile ambalo hakuwa amemwambia mtu: kwamba anasoma advansi kwa ajili yake, ili isipotee, ili siku moja aweze kusema Verediana aliisoma.

Alitegemea kukumbatiwa tena. Verediana alipiga unga kofi.

"Nani alikutuma unisomee? Wanaosomewa ni marehemu, Jovi. Mimi nimekufa?"

"Dada, mimi nilikuwa na..."

"Ulikuwa na hamu na mimi. Najua. Mimi je? Kila gari la wanafunzi likipita hapa najificha nyuma ya lori, nisije nikakuona ukanitazama ukapita." Alifuta paji la uso kwa kiwiko, likabaki na unga. "Mzigo wa mwenzio kanda la usufi. Umeubeba, umeuona uzito wake, sasa utue. Hiyo hesabu ni yangu. Uniachie."

"Utaifanyia nini hapa?"

"Nitaifanyia nini? Watu hawafanyi mtihani wa kujitegemea? Nitaanza na kidato cha nne nilichokiacha, nitafika huko kwenu polepole. Una kitabu?"

Kilikuwa begini, kizito, pembe zimekunjika. Jovitha alikitoa akasita nacho mkononi. Alikuwa ameumia nacho mwaka mzima, amekilalia, amekililia, na sasa ilimwia vigumu kukiachia kuliko alivyodhani. Verediana alinawa mikono, akaikausha kwenye kanga, akakipokea.

Gari la Biharamulo lilipiga honi. Waliagana harakaharaka, na Verediana akasema atasimama hapo hapo ampungie mkono mpaka gari lipotee. Jovitha alipata kiti cha dirishani. Alikuwa ameshalipanga jibu la kesho, matatu, mwalimu, na kifua chake kilikuwa chepesi na kitupu kwa wakati mmoja. Aligeuka kutazama.

Verediana alikuwa ameketi juu ya gunia, Limi amemwegemea mgongoni. Kitabu kilikuwa wazi mapajani mwake, na kipande cha mkaa mkononi. Mteja alikuwa amesimama mbele yake na kikombe kitupu, anaongea, pengine kwa mara ya pili. Jovitha alitoa mkono dirishani akapunga, akaita jina la dada yake kwa nguvu mpaka abiria wakageuka.

Verediana hakuinua kichwa. Midomo ilikuwa inamtembea. Jovitha aliendelea kupunga mpaka gari likakata kona.