Gari Linachemsha

Mshale wa joto ulipanda kabla hawajamaliza kilima cha kwanza baada ya Maguu. Nazari aliuona, akaendelea kuendesha, akidhani utashuka. Haukushuka.

"Baba Shukrani, gari linachemsha?" aliuliza mkewe, Beata, aliyeketi pembeni yake.

"Kidogo tu."

Walikuwa wanakwenda Lundo, kwa kaka yake Beata, aliyekuwa akimwoza binti yake. Nyuma ya pikapu walipakia magunia ya mahindi na maharage, na juu ya magunia aliketi Mama Hildegardi, mama mzazi wa Beata. Mbele kulikuwa na nafasi, lakini hakutaka kubanana bega kwa bega na mkwewe, naye Nazari asingethubutu kumsihi.

Nazari alisimama, akafungua boneti. Joto likamfanya ageuze uso. Alisubiri, kisha akafungua kifuniko cha rejeta taratibu kwa kitambaa. Maji yalikuwa tele. Mkanda wa feni ulikuwa umekaza vizuri. Alipapasa mipira ya maji mmoja mmoja, hakuna uliopasuka. Akachomoa kijiti cha oili, akaogopa kukitazama, maana oili yenye rangi ya chai ya maziwa ingemwambia kwamba gasketi imekufa na maji yanaingia kwenye injini. Oili ilikuwa safi.

Hilo ndilo lililomtia hofu. Angekuta kitu kimetoboka, angejua la kufanya.

Waliendelea. Gari lilikuwa zito ajabu. Hata kwenye tambarare alilazimika kukanyaga mafuta kwa nguvu, na akiachia kidogo, mwendo unakufa. Alilaumu magunia. Mshale ukapanda tena. Wakasimama, ukashuka, wakaondoka, ukapanda. Ukungu ulikuwa umefunika mibuni pande zote mbili, na hakuna aliyewapita.

Mwishowe walifika pale barabara inapoinama kuelekea ziwani. Nazari alisimama mwanzoni mwa mteremko, akatoa gia, akaweka nyutro, akaiacha injini ikinguruma polepole ili feni iipoze.

"Kuanzia hapa ni kushuka tu," alisema, akiteremka. "Litapoa lenyewe."

Beata aliegemeza kichwa kwenye kioo, akafumba macho.

Mama Hildegardi alikuwa ameshashuka kutoka kwenye magunia. "Baba, bati la upande huu lilikuwa linaniunguza," alisema, akitazama pembeni. "Na kuna harufu."

Nazari alizunguka. Gurudumu la nyuma, la kushoto, lilinuka kama kitu kilichoungua. Alisogeza kiganja, akakirudisha haraka. Ndipo alipoelewa: breki ilikuwa imeling'ang'ania gurudumu lile tangu nyumbani, na injini ilikuwa ikilikokota kila kilima. Injini haikuwa na ugonjwa wowote.

"Ni breki, mama! Breki tu!" Karibu acheke. Alichukua dumu la maji, akalimwagia gurudumu lote. Maji yalichemka kwa mlio mkali, mvuke ukamfunika. Ndani ya gurudumu kitu kikalia, tak.

Gari likaanza kwenda.

Breki ya mkono ilikuwa imekufa siku nyingi, naye hakuwa amejiuliza kwa nini gari limetulia. Kilichokuwa kimelishikilia gari pale mteremkoni ni breki ile ile iliyokwama, naye ameiachisha kwa mkono wake.

"Beata! Kanyaga breki!"

Alikimbia, akagusa mlango, ukamponyoka. Ndani, Beata alirukia upande wa usukani, akakanyaga. Pedali ilizama hadi chini bila kushika kitu; joto la gurudumu lilikuwa limeyachemsha mafuta ya breki.

"Hakuna!" alipiga kelele. "Hakuna breki!"

"Usukani, mwanangu!" sauti ya Mama Hildegardi ilipasua ukungu. "Upande wa mlima! Ukingoni!"

Gari lilipinda, likaugonga ukingo wa udongo kwa kishindo, likatulia.

Nazari alimkuta Beata hai, damu ikimtoka kwenye paji la uso, mkono wa kulia umepinda pasipostahili kupinda. Walimlaza kando ya barabara. Kila alipofumba macho, mama yake alimwita jina, mpaka lori lililotoka ziwani likatokea kwenye ukungu na kuwachukua hadi hospitali.

Mfupa uliungwa. Harusi ilipita bila wao. Siku Beata alipoweza kukaa kitandani, alimgeukia mumewe.

"Ulipomwaga maji," alisema, "ulikuwa unajua nimo ndani?"

"Nilijua," Nazari akajibu.