Baraka Isiyoitikiwa

Mimi nikikasirika nakaanga vibaya. Pastel, sambusa zetu za huku, zinaungua pembeni, mafuta yanaruka, na wateja wangu wa soko la Jumamosi wanajua: siku hiyo usiulize kwa nini nyama ni kidogo. Sasa tangu Januari, tangu yule mtu arudi mjini na suti yake ya buluu, sijakaanga pastel hata moja ya maana. Nasema mapema asije mtu akaniambia, "Dona Iracilda, punguza hasira." Sipunguzi. Hasira hii ni halali yangu.

Mtu mwenyewe ni Valdemir Sampaio, mkurugenzi wa soka wa Fiandeiros, timu ya kiwanda chetu cha nyuzi. Hapa Santa Zita hakuna aliyewahi kumwita Valdemir. Tulimwita Caroço, yaani kokwa, kwa sababu alipokuja kutoka mashamba ya kahawa alikuwa mdogo, mkavu, mgumu. Ukimgonga unaumia wewe. Alilala na vijana wenzake kwenye chumba kilichokuwa chini ya jukwaa la uwanja, kinavuja, kina panya wasioogopa watu. Mume wangu Osmar, Mungu amrehemu, alikuwa beki wa kulia wa timu ya wakubwa. Siku moja akamleta nyumbani amemshika ukosi wa shati.

"Huyu usipomlisha," akaniambia, "atakufa kabla hajajua kupiga kona."

Nikamlisha. Wali na maharage, na kuku siku ya Jumapili. Alikula mpaka sahani ikang'aa, halafu ananichungulia kwa aibu: "Dona Iracilda, ukoko upo?" Ukoko wa sufuria yangu ndio uliomkuza huyo mkurugenzi mnayemwona. Akitaka abishe.

Akakua, akapewa unahodha. Mwaka tuliopanda daraja ni yeye aliyefunga kwa kichwa, na krosi ilitoka mguuni kwa Osmar. Kengele ya kanisa ilipigwa mpaka kamba ikakatika. Muda si mrefu tukambatiza binti yetu Jaciara, na Caroço ndiye aliyempakata kwenye maji, machozi yanamtoka kuliko mtoto. Kuanzia siku ile akawa padrinho, baba yake wa ubatizo, na kwangu mimi na Osmar akawa compadre. Compadre si rafiki. Rafiki mnaweza kukosana kila mtu akashika njia yake. Compadre mmefungwa mbele ya altare, na baba akifa yeye ndiye baba.

Wakamuuza Porto Alegre, kisha Ureno, kisha Uturuki. Jumapili alikuwa anapiga simu. Jaciara hata kuhesabu hajui, lakini simu ikilia anaidaka na kusema, "Baraka, padrinho!" Na sauti inaitikia kutoka huko kwa Waturuki, "Mungu akubariki, binti yangu." Ndivyo tulivyolelewa. Mtoto haanzi na habari za saa hizi. Anaomba baraka kwanza, na mkubwa haruhusiwi kunyamaza. Mmegombana, itikia. Mdomo umejaa chakula, meza, itikia. Bibi yangu yuko kitandani anakata roho, ukimwomba baraka alikuwa anainua kidole. Kumnyima mtoto jibu lile ni kumlaani, na hilo analijua hata mlevi wa kituo cha basi.

Goti lilipomtupa nje ya uwanja, Caroço akasoma. Sikatai, alisoma. Akaibuka kwenye televisheni, mtendaji wa klabu kubwa za jiji kuu: yule mtu ambaye hana jezi wala filimbi, anayenunua wachezaji na kuwauza kwa simu, na siku ya mechi anasimama kando amekunja mikono kama mwenye nyumba. Simu za Jumapili zikawa za Krismasi. Osmar alipofariki lilikuja shada la maua kubwa kuliko jeneza. Mwenyewe hakuja. Tukasema, masikini, kazi nyingi. Mwacha asili ni mtumwa, walisema wahenga, lakini sisi tulimtungia visingizio wenyewe, tukavipiga pasi kabisa.

Wakati huo Jaciara alikuwa golikipa. Mikono ya baba yake, ukali wa kwangu. Asubuhi anauza duka la dawa, jioni anafanya mazoezi na wenzake kwenye kile kiwanja cha nyuma ambacho klabu hata nyasi haikati. Timu ya wanawake ya Fiandeiros waliijenga wao, wakiongozwa na Magrela, msichana mrefu mwembamba mwenye mdomo kama wembe. Walishona namba zao, wakaomba lori la kubebea matofali liwapeleke mechi za ugenini. Wakapanda mpaka ligi kuu ya jimbo. Mwanangu tangu akiwa mdogo alitaka kitu kimoja tu: adake mpira kama kazi, si kama wizi wa muda wa dukani. Na safari hii ilikuwa karibu kutimia.

Ndipo Caroço akarudi. Mji ukatundika kitambaa langoni: KARIBU NYUMBANI CAROÇO. Jambo la kwanza alilofanya, kabla hajashika mkono wa mtu, ni kuagiza kishushwe.

"Mimi ni Doutor Valdemir," akasema.

Doutor! Kwetu mwanaume akivaa suti na kukaa kwenye kiyoyozi watu humwita doutor, hata kama hajatibu kuku. Lakini wewe unaitwa, hujiiti. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na huyu alikuwa ameanza kulitia hata kabla ya sifa.

Akaitisha mkutano wa wanachama kwenye ukumbi wa klabu. Mimi nilikaa mbele, nimevaa gauni nililolivaa kwenye ubatizo wa Jaciara, mjinga mimi, nikidhani tunakwenda kusherehekea. Akasimama, akasoma kwenye karatasi. Timu ya wanawake "itaingia katika ushirikiano wa kimkakati." Watu wakatazamana.

"Caroço," akapaza sauti Seu Lino, kinyozi, aliyekuwa akimnyoa bure enzi zile, "sema lugha ya watu. Unawafukuza au huwafukuzi?"

"Naomba niitwe Doutor."

"Haya, Doutor Caroço. Unawafukuza?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Yeye hakucheka. Akaeleza, na mimi nitawaeleza kwa ufupi kwa sababu kinywa kinanichachuka. Ligi inalazimisha klabu yetu iwe na timu ya wanawake, la sivyo ya wanaume inashushwa. Basi yeye kakodi timu nzima ya wasichana wa mji mwingine. Wanavaa jezi yetu, wanatumia jina letu, wanacheza huko huko kwao. Sheria imetimia, gharama ndogo. Hawa wetu wanashukuriwa kwa mchango wao. Ndivyo alivyosema, mchango, kama walikuwa wanachangia harusi!

Jaciara akasimama. Nilidhani atalia, au atatukana, na ningemsaidia. Hakufanya hivyo. Aliweka mikono nyuma kama mtoto wa mafundisho ya dini, akamtazama usoni.

"Baraka, padrinho."

Nakuapia, kama angesema yale maneno yake tu, Mungu akubariki, halafu akamfukuza, ningelia nikanyamaza. Wale wazee wote walikuwa wanangoja hilo. Yeye akapanga karatasi zake.

"Hiki ni kikao rasmi. Mwanachama ataje jina lake na hoja yake."

"Baraka, padrinho," Jaciara akarudia, sauti ile ile.

Akainua uso, akatazama mtu aliyekuwa nyuma ya mwanangu.

"Anayefuata," akasema.

Anayefuata! Sijui niliinukaje. Najua kiatu kilitoka mguuni, na najua kilipita karibu na sikio lake, bahati mbaya karibu tu. "Fadhila za punda!" nilipiga kelele. "Ukoko wangu uutapike, Caroço! Uutapike hapa hapa!" Mlinzi akanishika mkono. Nikamwambia, na wewe niliyekuuzia pastel jana, thubutu. Akaniachia.

Lakini kura ilipigwa na akashinda. Aliwaahidi timu ya wanaume itapanda daraja. Watu wale wale waliokuwa wanamtazama Jaciara kwa huruma, wanatikisa vichwa, oh masikini, waliinua mikono. Seu Lino hakuinua. Magrela alisimama mlangoni akawa anawataja kwa majina mmoja mmoja wakitoka: "Asante, mjomba. Asante, jirani. Msalimie binti yako." Walitoka wanatazama viatu.

Sikuwaombea mabaya wale wasichana wa kukodiwa. Ni watoto wa watu. Ila walifungwa mechi ya kwanza vibaya, na ya pili golikipa wao akavunjika kifundo cha mkono, na mwingine hawakuwa naye. Ligi ikasema wazi: Jumapili msipoleta timu kamili yenye golikipa aliyesajiliwa, Fiandeiros inaondolewa, wanawake na wanaume. Na golikipa mmoja tu alikuwa bado amesajiliwa kwa jina la Fiandeiros: mwanangu. Doutor wetu kwa haraka zake za kuwatupa, hata kumfuta alisahau.

Jumamosi hiyo Jaciara alikuwa na mimi kibandani, anakamua miwa. Nikaona miwani nyeusi inakuja kati ya mafungu ya kabichi.

"Comadre," akaniita, ndilo jina compadre analomwita mama wa mtoto. Kwa sauti ya zamani, eti.

"Doutor," nikamjibu. "Ya nyama au ya jibini?"

"Comadre, usinifanyie hivyo."

"Foleni inaanzia kule, Doutor. Hapa hakuna kikao, lakini utaratibu upo."

Watu wakacheka. Na akaenda! Akasimama kwenye foleni na suti yake, mbele mama mwenye kikapu, nyuma Seu Lino, ambaye alimwambia, "Nywele umepaka rangi gani hiyo, Caroço? Ya kiwi?" Alipofika mbele yetu jasho lilikuwa linamtoka masikioni.

"Ja," akamwambia mwanangu, "nakuhitaji golini kesho. Kesho, na baada ya kesho. Nakupa mkataba wa kweli. Mshahara, nyumba, kocha wa makipa. Hutauza tena dawa ya mafua maishani mwako."

Mikono ya Jaciara ikasimama kwenye mashine. Mimi ni mama, nisidanganye: moyo wangu uliruka. Kitu alichokitaka maisha yake yote kilikuwa hapo mbele yake, kimevaa miwani. Niliwahi kumsikia akikiomba kwa Santa Zita, mtakatifu wa mji wetu, akidhani nimelala. Nikageukia mafuta yangu, nikaunguza pastel ya mtu.

"Na wenzangu?" akauliza.

"Nimekuja kwa ajili yako."

"Nimesikia. Na wenzangu? Magrela? Wote?"

"Haiwezekani. Nina mkataba na wale wengine."

"Basi haiwezekani."

"Usiwe mtoto! Unajua unachokitupa?"

"Najua," akasema Jaciara. Na alikuwa anajua. "Wewe ndiye hujui ulichokitupa."

Akavua miwani. Macho yake yalikuwa mekundu, na kwa kitambo kidogo nilimwona yule kijana wa ukoko, nikakasirika zaidi kwa sababu nilimwona. Laiti angeishia hapo. Lakini akafungua mdomo tena.

"Nilikupakata kwenye maji, Ja. Osmar angekuwa hai, angekwambia uende."

Nikanyanyua mwiko wa mafuta, unachuruzika, unatoa moshi. Jina la marehemu wangu halitumiwi kama chambo! Jaciara akanizuia kwa mkono bila kugeuka. Soko zima lilikuwa limesimama. Hata yule muuza kabichi anayepiga kelele kutwa aliacha mafungu yake, akasogea.

Caroço akawatazama wale watu, akamtazama mwanangu. Akainua mkono wa kulia kama alivyokuwa akifanya zamani kwenye kizingiti changu, na kwa sauti nyembamba iliyokwaruza, akasema maneno yale.

"Mungu akubariki, binti yangu."

Jaciara akamalizia kukamua ule muwa. Akajaza glasi, akampa mama mwenye kikapu, akafuta mikono kwenye aproni.

"Sijaomba," akasema.

Halafu akamtazama mtu aliyekuwa nyuma ya Caroço.

"Anayefuata."

Seu Lino akasogea mbele, akaagiza mbili za jibini.