Moyo Uliobaki Kilomita ya Thelathini na Tatu

Jumatatu saa mbili asubuhi mpimaji wa maabara alipanga mirija arobaini na mmoja ya damu kwenye kibao chenye matundu, akaibandika namba, akawasha mashine. Damu ilikuwa ya wafanyakazi wa mamlaka ya maji, ambao Jumapili walikimbia kilomita arobaini na mbili kwa agizo la mkurugenzi, aliyeamini kwamba mtu anayekimbia haombi ruhusa ya ugonjwa. Mpimaji mwenyewe hakukimbia. Ilibidi abaki mtu wa kupima.

Mashine ilipima troponini, protini inayovuja kutoka kwenye misuli ya moyo uliochoka au ulioumia. Ikizidi kumi na nne si salama. Ilizidi kwa wote arobaini na mmoja, na hilo halikumshtua. Kila mwaka ilipanda siku ya mbio, ikashuka baada ya siku mbili tatu, watu wakarudi kwenye mita na mabomba yao. Kwa kuwa sababu ilikuwa ileile, zahanati ya mamlaka ilichongesha muhuri: KUTOKANA NA MAZOEZI. Aliugonga mara arobaini na moja, akaenda kunywa chai.

Alhamisi walipimwa tena. Arobaini walikuwa wameshuka. Mmoja alibaki palepale, sitini na nane. Alikuwa msoma mita, mume wa dada yake.

Alimwita. Shemeji alipanda kitanda cha kupimia kwa awamu mbili, katikati akapumzika. Mpimaji alimsikiliza kifua upande wa kushoto, kisha wa kulia, asije akamwonea mtu.

"Shemeji, humu hamna kitu."

"Najua," alisema shemeji, akifunga vifungo vya shati. "Moyo ulibaki kilomita ya thelathini na tatu, pale kwenye kilima cha kiwanda cha matofali. Uliniambia tangulia, nakuja."

"Na wewe ukatangulia."

"Sasa ningefanyaje? Afisa utumishi alikuwa nyuma yangu na filimbi."

"Dada anajua?"

"Anajua, na amenuna. Anasema nikimwambia nampenda siku hizi, ni mdomo tu."

Alasiri mpimaji alikwenda kilimani. Aliukuta moyo unakimbia pembeni mwa barabara, mkubwa kama ngumi, kwa mwendo wa mtu anayesukuma mkokoteni uliojaa. Wapanga matofali walikuwa wameshauzoea.

"Huo? Unapita mara ya tisa," alisema mmoja, akiumwagia maji ya kopo. "Unafika uwanjani, unakuta wameshafungua utepe wa mwisho, unarudi kuanzia hapa. Haujui pa kuishia, maskini."

Mpimaji alijaribu kuuokota. Ukamponyoka, ukaongeza mwendo.

Ijumaa aliingia kwa mkurugenzi na maombi mawili: msoma mita apumzishwe, na utepe ufungwe tena uwanjani, japo kwa dakika tano.

"Mapumziko ya siku mbili ni ya waliomaliza," alisema mkurugenzi. "Huyu amemaliza?"

"Yeye amemaliza, bosi. Moyo wake bado."

"Basi hajamaliza kamili. Akimaliza kamili, siku zake zipo."

"Ndiyo maana naomba utepe."

"Mbio zilifungwa baada ya saa sita za kukimbia. Nikimfungia huyu utepe kwa ajili ya moyo, kesho mwingine ataniletea goti."

"Bosi, huyu mtu anaweza kufa."

Mkurugenzi alifungua faili, akaligeuzia upande wa mpimaji. "Huu si muhuri wako?"

Ulikuwa wake. Aliomba karatasi aisahihishe. Akajibiwa kwamba karatasi ikishaingia faili haitoki.

Jumamosi yeye na dada yake walifunga bendeji kwenye nguzo mbili za lango la uwanja, kimo cha goti. Walipouona moyo ukikata kona, mlinzi aliifungua bendeji, akaikunja vizuri, akawarudishia. Haikuwa na kibali. Moyo ulisimama kidogo langoni, ukageuza.

"Pole, baba," dada aliuambia, kisha akamgeukia mdogo wake. "Mwaka mzima utakimbia hivi?"

"Mpaka utepe mwingine."

Watu waliupisha moyo mwaka mzima. Askari wa usalama barabarani aliusimamishia magari. Msoma mita alisoma mita zake, akikaa chini kila geti. Kila mwezi mashine ilisema sitini na nane, na kila mwezi mpimaji aliandika kwa mkono: apumzike. Mwezi wa sita ulikuja waraka unaopandisha kiwango salama, kwa watumishi wa mamlaka ya maji pekee, kutoka kumi na nne hadi sabini. Kuanzia hapo shemeji alikuwa mzima, na jina lake likaingia kwenye orodha ya mbio.

Siku ya mbio, kilomita ya thelathini na tatu, alikutana na moyo wake.

"Tangulia," aliuambia. "Nakuja."

Akaketi juu ya matofali.

Moyo ulikata utepe dakika hamsini na nane kabla ya muda kufungwa. Ulilala kwenye nyasi, na safari hii ukakubali kuokotwa. Dada aliufunga kwenye taulo, akaupeleka kilimani, akamwekea mumewe kifuani. Haukuingia. Ulikuwa umemaliza.

Jumatatu mirija ilikuwa arobaini. Mkurugenzi aliambatisha karatasi mbili za matokeo ya mbio, ya mwaka jana ya mwili na ya mwaka huu ya moyo, akaona kweli mtu huyu amemaliza kamili. Alimwidhinishia siku zake mbili, kuanzia siku hiyo, akateremsha faili zahanati lijazwe sababu. Mpimaji alishika kalamu, akatafuta nafasi ya kuandika. Pale pa sababu palikuwa na kisanduku kidogo, kinachotosha muhuri tu.

Siku mbili zikapita. Jumatano asubuhi afisa utumishi alisoma majina ya watu wa mita, akafika kwake, akasubiri kidogo, akaandika: mtoro.