Lynette Ni Mwepesi

Kwetu Homa Bay nilipewa sifa moja, ikaning'ang'ania: Lynette ni mwepesi. Mwepesi wa machozi, mwepesi wa kushtuka, mwepesi wa kushikwa na homa hata wingu likipita tu. Sawa, nilizimia kwenye mazishi ya nyanya nikiwa darasa la sita. Mara moja tu, jamani! Tangu siku hiyo hata paka akifa, mimi huambiwa baada ya wiki.

Nashona nguo hapa Nyamira mjini, mwaka wa nane sasa. Wateja huniongelesha Kigusii, najibu kwa Kiswahili, tunaelewana. Lakini wa kupiga soga naye jioni sina. Ndiyo maana kila siku nikifunga kibanda nilimpigia baba simu.

Mwezi jana simu yake ikaanza kupokewa na kaka yangu, Odoyo. "Mzee amepumzika." Kesho yake, vilevile. Siku ya tatu nikafoka, "Kwani ni mtoto mchanga? Mpe simu!"

"Ni mafua tu, dada. Wacha apate nguvu."

Nami, mjinga, nikaamini.

Persis, anayeuza viatu kibanda cha pili, akaanza kuniletea chai bila kuombwa. Persis huyu, bahili kupindukia! Siku ya tisa alifunga biashara mchana, akaketi kando yangu, akautoa mkasi mkononi mwangu.

"Pole, Lynette. Baba yako ametuacha."

"Nani kakwambia?"

"Ndugu yako. Alinipigia tangu siku mzee alipolazwa. Akaniomba nikuangalie, kwa sababu wewe ni mwepesi."

Siku tisa! Hospitali yenyewe ni mwendo wa saa mbili kutoka hapa. Kikulacho ki nguoni mwako, lakini sikujua kinaweza pia kukuletea chai. Sikulia. Nilifunga kibanda, nikaenda stendi peke yangu, na katika mji huo mzima sikuona mtu wa kumshika mkono.

Nilipofika nyumbani, wanawake wawili walinidaka mabega kabla sijashuka vizuri kwenye bodaboda, eti nisianguke. Nikawaambia waniachilie. Nikamvuta Odoyo nyuma ya jikoni.

"Baba aliniulizia?"

"Siku tatu za kwanza. Kila asubuhi."

"Na mlimwambia nini?"

Odoyo akainama. "Kwamba umenyimwa ruhusa kazini."

"Ruhusa na nani, Odoyo? Mimi sina bosi! Baba ndiye aliyeninunulia cherehani, kibanda alinijengea kwa mikono yake. Alijua naweza kufunga saa yoyote nikitaka."

Odoyo akataka kurudi kwa waombolezaji, nikamzuia.

"Alisema nini?" nikauliza.

"Alisema, 'Sawa.' Akageukia ukutani. Hakukuulizia tena."