Mkubwa Akipokea Chupa

“Kinywaji amepokea, Yaw. Amepokea kwa mikono miwili. Unataka nini tena?”

“Aliyepokea ni kijana wa getini, Mjomba. Waziri mwenyewe hukumwona hata kisogo.”

“Mkono wa kijana wake ni mkono wake. Shule mmesoma, adabu mmeziacha hukohuko darasani.”

Tulishapandisha sauti mpaka muuza uji wa ng’ambo ya barabara akaacha kukoroga. Dukani tulikuwa wawili tu. Mwaka mmoja nyuma usingepata pa kuweka mguu humo: injini za mtumba zimepangwa hadi dirishani, oili inachuruzika, mafundi wa Kumasi nzima wanabishana bei, na mke wa mjomba anawagawia sahani za fufu kama yuko harusini. Siku hiyo kulikuwa na meza, redio, viti viwili, na madoa meusi sakafuni pale zilipokaa injini.

Yote yalianza Rais alipopangua baraza la mawaziri. Tulikuwa tunakula. Redio ikataja waziri mpya wa fedha, na Mjomba Asiamah akabaki na tonge hewani.

“Twum? Twum huyu niliyekaa naye dawati moja? Si alikuwa ananakili hesabu zangu huyu.”

Akacheka mpaka akakohoa. Kufika jioni duka limefurika, watu wanampa hongera utadhani kateuliwa yeye. Wote walitaka kitu kimoja: ushuru wa injini ufutwe. Mjomba akawaambia wangoje, wasitoe mizigo bandarini, atazungumza na mwenzake. Na sisi kontena letu la injini limeshafika bandari ya Tema. Naye akaliacha hukohuko. Kwa nini ulipie ushuru ambao umeshaanza kufa?

Akanunua chupa ya pombe ya jini, ile kali ya kupelekea wakubwa, akajitanda kitambaa chake cha sherehe begani, akaenda Accra. Kwetu mkubwa akipokea chupa yako amepokea na neno lako. Asiyelitaka neno huirudisha chupa. Mjomba alirudi mikono mitupu, anaimba.

Halafu bajeti ikasomwa. Waziri, kwa sauti ya upole kabisa, akasema ushuru wote unabaki, na wa injini utapanda kidogo.

“Hayo anawaambia wazungu wa mkopo,” Mjomba akasema. “Yetu atayatangaza baadaye.”

Tukangoja hiyo baadaye. Fundi wetu Salifu akapata kazi kwingine. Mke wa mjomba akaenda kumwangalia mama yake mara moja, mpaka leo. Jioni tukawa tunakaa mimi na yeye mbele ya redio kama wagonjwa wanaosubiri majina yao yaitwe. Siku hizi nimepanga chumba Tema, nakaa peke yangu, na redio sijanunua. Ya jirani ikianza kusoma habari, natoka nje.

Sasa siku ile ya ugomvi, Mama Dufie, mfanyabiashara wa bandarini, alikuwa ameshakubali kutulipia ushuru tugawane injini nusu kwa nusu. Alichotaka ni mwenye mzigo afike mwenyewe. Ijumaa ya wiki hiyo kontena lilikuwa linapigwa mnada kwa kutolipiwa ushuru.

“Twende, Mjomba. Gari lake lipo hapo nje. Bora nusu kuliko haya madoa.”

“Nikilipa leo, Twum akatangaza kesho, uso wangu nitauweka wapi? Watu wote wale niliwaambia wangoje.”

“Watu gani, Mjomba?”

Sikuwa namkejeli. Nilikuwa nauliza kweli. Kwa miezi hakuna mtu aliyekanyaga pale, wengine walishalipa na kutoa mizigo yao kimyakimya bila kumuaga. Mjomba alikitazama kile kiti cha pili, akatazama mlangoni, kisha akaanza kulainisha kitambaa cha meza ambacho hakikuwa na mkunjo.

“Nenda kamwambie huyo mama nitakuja wiki ijayo.”

“Wiki ijayo hakuna kontena.”

“Basi.”

Nikachukua begi langu nyuma ya meza. Aliliona. Nadhani alishaliona tangu asubuhi.

“Huyo mama anakupa kazi?”

“Ya kupakua mizigo.”

“Ulimwambia lini kwamba utakwenda?”

“Juzi.”

Akatikisa kichwa polepole, akaongeza sauti ya redio. Ilikuwa bado matangazo ya sabuni. Nilipofika mlangoni nikasimama, nikidhani ataita.

“Yaw.”

“Naam, Mjomba.”

“Funga huo mlango. Vumbi linaingia.”

Nikatoka, nikaufunga.